Hesabu za Kemia za Mwanzo: Maswali Ninayoulizwa Kila Jioni

Nasomesha tuisheni ya kemia Chake Chake, baada ya Alasiri mpaka Magharibi inapokaribia. Watoto hubadilika kila mwaka, maswali hayabadiliki. Nimeyapanga hapa kuanzia ya yule aliyeingia kidato cha pili jana hadi yale yanayomtoa jasho wa kidato cha nne. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwishaelezwa sikulirudia, nimeandika namba ya swali uliendee.

Uzito wa atomi niliotumia ni ule wa kukadiria unaotolewa kwenye karatasi za mtihani: H 1, C 12, O 16, Na 23, S 32, Cl 35.5, Ca 40, Fe 56, Cu 63.5. Na nasema "uzito" kama wasemavyo watu sokoni. Mwalimu wa fizikia atanisuta, yeye anataka "tungamo". Ana haki yake, lakini mizani yetu inasoma gramu, na gramu ndizo tunazozitaka.

## Kabla hujashika kalkuleta

1. Maalim, moli ni nini hasa? Nimekariri 6.02 × 10²³ lakini sijui ya nini.

Ni jina la idadi, basi. Doti ya kanga ni vipande viwili, dazeni ni kumi na mbili, korja ni ishirini. Mtu akienda kununua boriti za mikoko anasema "nipe korja mbili", na muuzaji anajua kuwa ni boriti arubaini. Moli ni korja ya wakemia. Imekuwa kubwa ya kutisha kwa sababu atomi ni ndogo ya kutisha; ukizihesabu kwa korja utakufa hujamaliza hata punje moja ya chumvi.

Tangu Mei 2019 idadi hiyo imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, bila ya kukadiria. Darasani 6.02 inatosha. Inaitwa namba ya Avogadro, ingawa Amedeo Avogadro mwenyewe hakuipima. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya chembe. Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyekuja kuipa namba hiyo jina lake mwaka 1909.

Ukitaka kuiona kwa macho, moli moja ya maji ni gramu 18, yaani fundo moja tu. Ya chumvi ya mezani ni gramu 58.5. Ya sukari ni gramu 342, zaidi ya robo kilo. Zipange juu ya meza: chungu tatu zisizofanana hata kidogo, na kila moja ina idadi ileile ya chembe.

2. Kwa nini tusihesabu kwa gramu moja kwa moja? Moli inatuzungusha tu.

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na anayelielewa hili yaliyobaki ni mazoezi. Chembe zinapokutana kwenye mmenyuko hazipimani uzito, zinahesabiana. Kaboni moja inachukua oksijeni mbili, haijali nani mzito. Gramu za kitu kimoja hazina habari na gramu za kitu kingine.

Huwaambia hivi: unatoka Makunduchi, Unguja, unakwenda Konde, Pemba. Hakuna gari litakalokufikisha, kwa sababu katikati kuna bahari. Unapanda daladala mpaka bandarini Malindi, unapanda boti mpaka Mkoani, halafu unapanda gari nyingine mpaka Konde. Gramu ulizopewa ni Makunduchi. Bandari ya Malindi ni moli za kitu hicho, na unafika hapo kwa kugawanya gramu kwa uzito wa moli. Boti ni uwiano unaousoma kwenye mlinganyo, ule mstari wa mmenyuko wenye mshale katikati. Mkoani ni moli za kitu unachokitafuta, na Konde ni gramu zake, unazipata kwa kuzidisha. Safari tatu. Karibu kila anayekosa kaikata mojawapo, na mara nyingi aliyoikata ni boti.

3. Uzito wa moli naupataje kukiwa na mabano na vidoto?

Jumlisha kila atomi mara idadi yake. Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilicho ndani: Ca(OH)₂ ni 40 + 2 × (16 + 1) = 74. Wengi huandika 40 + 16 + 2 = 58, wakaipa hidrojeni peke yake ile mbili.

Kidoto, kama cha CuSO₄·5H₂O, si alama ya kuzidisha. Kinasema kwamba ndani ya fuwele kuna maji, molekuli tano kwa kila CuSO₄ moja, na maji hayo yanapimwa pamoja na chumvi yake. CuSO₄ ni 159.5, maji matano ni 90, jumla 249.5.

Hili limenitesa mwenyewe. Niliwahi kutayarisha lita moja ya mmumunyo wa kopa salfeti wa 0.1 M (M nimeieleza swali la 15) kwa ajili ya zoezi la vitendo. Nikapima gramu 15.95 za zile fuwele za buluu, nimefurahi kabisa, huku nimehesabu kwa 159.5. Fuwele za buluu ndizo zenye maji. Isiyo na maji ni unga mweupe. Mmumunyo wangu ukatoka karibu 0.064 M, na darasa zima likapata majibu "mabaya" yaliyokuwa sahihi. Tangu siku hiyo sipimi kitu mpaka nisome kibandiko cha chupa mpaka mwisho.

4. Kwa nini klorini ni 35.5? Nusu ya chembe inatoka wapi?

Hakuna nusu. Klorini zipo za aina mbili, nyingine zina uzito wa 35 na nyingine 37, na zile nyepesi ni karibu robo tatu ya zote. Ukizichanganya wastani unaangukia 35.5.

## Mlinganyo na boti yake

5. Lazima nisawazishe mlinganyo kila mara?

Lazima, atomi za kila aina ziwe sawa kushoto na kulia, kwa sababu boti ya swali la 2 imo ndani ya zile namba kubwa za mbele. Mlinganyo usiosawazishwa ni boti isiyokuwa na ratiba.

Na usiguse namba ndogo za chini. Ukiona oksijeni imepungua ukaandika H₂O₂ badala ya H₂O, hukusawazisha. Umetoa maji ukaweka haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda na kupaushia nywele.

6. Nionyeshe hesabu moja ya gramu kwa gramu, taratibu.

Tuchukue tanuu la chokaa. Mawe ya matumbawe ni kalsiamu kaboneti kwa sehemu kubwa. Yakichomwa sana hutoa kaboni dayoksaidi na kuacha chokaa hai:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Una gramu 25 za jiwe. Uzito wa moli wa CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = 100, kwa hiyo una 25 ÷ 100 = moli 0.25. Mlinganyo unasema moja kwa moja, basi CaO nayo ni moli 0.25. Uzito wa moli wa CaO ni 56, na 0.25 × 56 = gramu 14.

Jikague kwa CO₂: 0.25 × 44 = gramu 11. Na 14 + 11 = 25. Jiwe lote limehesabika, nyingine imo tanuuni na nyingine imepanda na moshi. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na watoto wanauonea uvivu kuliko kitu chochote.

Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka na kugeuka Ca(OH)₂: kila kilo 56 hula kilo 18 za maji, yaani lita 18, zikawa kilo 74. Fundi atakwambia anatia maji mengi zaidi, na hakosei. Joto linalotoka hapo huyarusha mengine mvuke kabla hayajaingia kwenye hesabu. Kisha, ukutani, chokaa hunywa taratibu CO₂ ya hewani na kurudi kuwa CaCO₃. Kuta za Mji Mkongwe, kwa hesabu hii, ni mawe yaliyochomwa, yakalainishwa, yakarudi kuwa mawe.

7. Swali likiwa la kilo au tani, nigeuze kwanza kuwa gramu?

Si lazima, mradi swali linaanza na uzito na kuishia na uzito. Ukijua gramu 100 za jiwe zinatoa gramu 56 za chokaa, basi kilo 100 zinatoa kilo 56 na tani 100 tani 56. Kilo 250 za jiwe safi zitatoa kilo 140. Lakini ikiingia gesi kwa lita au mmumunyo kwa molariti, geuza kuwa gramu, usijitie ujanja.

8. Jibu langu limezidi kitu nilichoanza nacho. Nimekosea?

Inategemea nani mwengine ameingia. Kwenye tanuu la swali la 6 jiwe lipo peke yake. Ukipata chokaa nzito kuliko jiwe, umekosea, usitafute sababu.

Gesi ya kupikia ni mambo mengine. Mitungi yetu ina propani na butani, chukua propani:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Gramu 11 za propani ni 11 ÷ 44 = moli 0.25. CO₂ ni mara tatu, moli 0.75, na 0.75 × 44 = gramu 33. Zimetoka mara tatu ya gesi iliyoungua! Hakuna muujiza. Oksijeni imeingia kutoka hewani: moli 1.25, gramu 40. Upande wa kushoto 11 + 40 = 51; upande wa kulia CO₂ 33 na maji 18, nazo ni 51. Maji hayo ndiyo ule unyevu unaouona kwenye kitako cha sufuria ya baridi mara tu unapoiteleka.

## Kinachoisha mwanzo, na kinachopotea njiani

9. Nimepewa viasi viwili. Nitumie kipi?

Kile kitakachoisha mwanzo. Mwezi wa Ramadhani mama ana manda 30 na nyama ya kutosha sambusa 24. Atafunga sambusa ngapi? Ishirini na nne, na manda sita zitakaushwa na feni. Hakuna anayekosea hapa jikoni. Tunakosea tukishika kalamu.

Mfano: umetia gramu 5 za gamba la chaza (lichukulie ni CaCO₃ tupu) kwenye sm³ 100 za asidi hidrokloriki ya 0.8 M.

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Gamba ni 5 ÷ 100 = moli 0.05. Asidi ni 0.8 × 0.1 = moli 0.08. Mwanafunzi anaona 0.05 ni ndogo, anasema gamba litaisha mwanzo. Hapana. Kila gamba moja linataka asidi mbili, kwa hiyo moli 0.05 za gamba zinataka 0.10 za asidi, na hazipo. Asidi ndiyo inayoisha. Njia ya mkato: gawanya moli za kila kitu kwa namba yake ya mbele, ndipo ulinganishe. 0.05 ÷ 1 = 0.05, 0.08 ÷ 2 = 0.04. Iliyo ndogo hapo ndiyo.

CO₂ itakayotoka ni moli 0.04. Gamba lililoliwa ni moli 0.04, limebaki 0.01, yaani gramu 1 imekaa chini ya bilauri.

Swali likisema kimoja kimewekwa kwa wingi kuliko kinavyohitajika, limekuondolea kazi yote hii. Fanya na kile kingine.

10. Asilimia ya usafi na asilimia ya mavuno zina tofauti gani?

Ya usafi inafanya kazi mwanzoni, ya mavuno mwishoni. Tuchukue zile kilo 250 za mawe, na safari hii CaCO₃ ni asilimia 90, iliyobaki ni mchanga na udongo. Kinachoingia kwenye hesabu ni 0.9 × 250 = kilo 225. Kinachotarajiwa ni 225 × 56 ÷ 100 = kilo 126 za CaO. Ukija kupima ukakuta CaO halisi ni kilo 105, mavuno ni 105 ÷ 126 × 100, karibu asilimia 83. Zilizopungua, mara nyingi ni mawe ya pembeni ambayo moto haukuyafikia vizuri.

Mtego: kilo 25 za mchanga hazikupanda na moshi. Zimo tanuuni. Ukipima kila kitu kilichobaki bila ya kuchambua, utaona mavuno makubwa ya kujidanganya.

11. Mafuta yanayotoka kiwanda cha makonyo Wawi, na yenyewe ni asilimia ya mavuno?

Wanafunzi wa Pemba lazima waulize, maana harufu inawafikia darasani. Pale makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanapitishiwa mvuke na mafuta yanatolewa. Yalikuwemo tangu zamani. Hakuna mlinganyo, kwa hiyo hakuna kiasi "kinachotarajiwa" cha kukokotoa kwa moli. Unaweza kusema kilo kadhaa za mafuta kwa kila kilo mia za makonyo, ni asilimia sahihi kabisa, ila si hii ya swali la 10.

## Gesi

12. Nitumie 22.4 au 24?

Swali likisema joto la nyuzi 0 na kanieneo ya milimita 760 za zebaki, moli moja ya gesi ni lita 22.4. Likisema joto la chumba, 24. Lisiposema kitu, angalia namba walizokupa mwanzoni mwa karatasi ya mtihani. Wameziweka ili uzitumie.

Hiyo 24 ni ya vyumba vya wenzetu wa baridi. Kwa nyuzi 30, hali ya kawaida ya darasa letu, moli moja ni karibu lita 24.9. Usiiandike hiyo kwenye mtihani, lakini ujue. Na ukikutana na 22.7 kwenye kitabu kipya, si kosa la chapa: tangu 1982 Umoja wa Kimataifa wa Kemia hupimia hali ya kawaida kwa kanieneo iliyo chini kidogo ya ile ya zamani.

CO₂ ya swali la 9, moli 0.04, ni lita 0.96 kwa joto la chumba, au lita 0.896 kwa nyuzi 0.

13. Maji nayo moli moja ni lita 22.4?

Astaghfirullah. Maji ya kimiminika moli moja ni sm³ 18, lile fundo la swali la 1. Lita 22.4 ni za gesi peke yake. Kila mwaka nakutana na anayepima lita za mmumunyo akazigawa kwa 22.4.

14. Gesi ikipashwa joto kutoka nyuzi 20 hadi 40, ujazo unakuwa mara mbili?

La. Ongeza 273 kwanza: ni kutoka 293 hadi 313, basi ujazo unaongezeka mara 1.07 hivi. Nyuzi za Selsiasi zinaanza kuhesabu pale maji yanapoganda, na gesi haijui habari za maji.

## Mimumunyo na titresheni

15. Molariti ni nini, na kwa nini nisitie tu gramu 4 kwenye sm³ 250 za maji?

Molariti, M, ni moli ngapi zimo katika lita moja ya mmumunyo. Ya mmumunyo, si ya maji. Gramu 4 za NaOH (uzito wa moli 40) ni moli 0.1. Ziyeyushe kwenye maji kidogo, zimimine kwenye chupa ya kipimo, kisha jaza maji mpaka alama ya sm³ 250. Umepata 0.1 ÷ 0.25 = 0.4 M. Ukianza na maji 250 halafu ukatia chumvi au alkali juu yake, ujazo wa mwisho hutaujua mpaka uupime tena.

Angalia pia nilivyogeuza 250 kuwa 0.25. Sm³ 1000 ni lita moja, ambayo ni dm³ moja. Asiyegeuza hupata 0.0004 na hashituki.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Tukijifanya kwamba yote ni NaCl, 35 ÷ 58.5 inatupa karibu 0.6 M. Kwa kweli humo mna magnesiamu, salfeti na vingine, ndiyo maana wenye mashamba ya chumvi humwaga lile jichumvi chungu la mwisho.

16. Kuzimua: nikitaka sm³ 500 za asidi ya 0.6 M kutoka chupa ya 12 M?

Moli zilizochotwa ndizo zilizomo baada ya kutia maji. Maji hayali moli. Kwa hiyo 12 × V = 0.6 × 500, na V = sm³ 25. Chota 25, jaza hadi 500.

Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Kinyume chake hutokota na kuruka usoni. Hili silifanyii mzaha.

17. Fomula ya titresheni nimeikariri, mbona inanikosesha?

Kwa sababu unaandika M₁V₁ = M₂V₂ ya kuzimua, ya swali la 16, mahali ambapo vitu viwili tofauti vinajibizana. Titresheni ni hiyo: asidi na alkali zinamalizana, ukapata nguvu ya moja kutokana na nyingine. Kwa HCl na NaOH utapona, kwa kuwa uwiano ni moja kwa moja. Kwa asidi salfuriki umekwama:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Sm³ 25 za NaOH ya 0.2 M zimemalizwa na sm³ 20 za asidi. NaOH: 0.2 × 0.025 = moli 0.005. Asidi ni nusu yake, moli 0.0025. Gawa kwa lita 0.020: 0.125 M. Aliyesahau boti anapata 0.25, mara mbili kamili. Mimi nikiona jibu mara mbili au nusu ya langu sihangaiki kutafuta kosa, nalijua liliko.

18. Siki ilizimuliwa kabla ya kupimwa. Kuzimua kunaingia wapi?

Mwishoni kabisa. Tuseme sm³ 10 za siki zimejazwa maji hadi 100, yaani mara kumi. Sm³ 30 za siki hiyo iliyozimuliwa zikamaliza sm³ 25 za NaOH ya 0.1 M. Moli za NaOH ni 0.0025, na asidi ya siki hujibizana nayo moja kwa moja, kwa hiyo ni 0.0025 ÷ 0.030 = 0.0833 M. Hiyo ni ya iliyozimuliwa. Ya chupani ni mara kumi: 0.833 M. Uzito wa moli wa asidi hiyo, CH₃COOH, ni 60, na 0.833 × 60 ni karibu gramu 50 kwa lita, ile asilimia 5 unayoisoma kwenye kibandiko.

Na usomaji wa kwanza wa bureti (ule mrija wenye alama unaodondoshea), ule wa kubahatisha, hauingii kwenye wastani.

## Vya pembeni vinavyosumbua

19. Naitafutaje fomula kutokana na asilimia?

Jifanye una gramu 100, asilimia zikawa gramu. Geuza kila moja kuwa moli, kisha gawanya zote kwa iliyo ndogo. Mafuta ya karafuu yana kitu kikuu kinaitwa yujenoli: kaboni asilimia 73.2, hidrojeni 7.3, oksijeni 19.5. Moli zake: 6.1, 7.3 na 1.22. Gawa kwa 1.22: tano, sita, moja. Uwiano ni C₅H₆O, wenye uzito wa 82. Ukiambiwa uzito halisi wa moli ni 164, ni mara mbili, basi yujenoli ni C₁₀H₁₂O₂. Hiyo ndiyo iliyotuliza meno ya mabibi zetu.

20. Nimepata 1.5. Niikaribishe kuwa 2?

Usithubutu. Kutu iliyokauka ina chuma asilimia 70 na oksijeni 30: moli 1.25 na 1.875, uwiano 1 kwa 1.5. Zidisha zote kwa 2: Fe₂O₃. Ukiona 0.33 au 0.67 zidisha kwa 3, 0.25 au 0.75 kwa 4. Lakini 5.98 ni sita, usiitafutie makuu.

21. Jibu langu ni 0.83, la mwenzangu 0.8333333. Nani kapata?

Nyote, ila yeye anajigamba kwa usahihi ambao bureti yake haina. Andika tarakimu tatu, na usikadirie katikati ya hesabu, kadiria mwisho. Mmoja akitumia Cu 64 na mwengine 63.5 mtatofautiana kidogo vilevile. Tumia iliyo kwenye karatasi yako.

22. Swali lipo kwa Kiingereza. Nifikiri kwa lugha gani?

Kwa unayoiota. Sekondari tunasomeshwa kwa Kiingereza na mtihani utaujibu hivyo, lakini pembeni mwa karatasi ya rafu andika kwa Kiswahili vitu viwili: nimepewa nini, natafuta nini. Nina mwanafunzi aliyekuwa akikosa kila hesabu mpaka nikamwambia, "Hebu nihadithie swali hilo kama unamhadithia bibi yako." Akahadithia, akanyamaza, akasema, "Kumbe wanataka lita, si gramu." Kemia alikuwa anaijua.

23. Kalkuleta yangu inatoa 5 × 10⁴⁵. Imeharibika?

Haijaharibika. Ulikuwa unagawa 3.01 × 10²³ kwa 6.02 × 10²³ na ukabonyeza kama ulivyosoma, bila ya mabano. Ikagawa kwa 6.02 tu, kisha ikazidisha kwa 10²³ ya pili badala ya kuigawa. Ingiza kila namba kwa kitufe cha EXP, au funga ya chini kwa mabano. Jibu ni moli 0.5.